Mama Mkwe Aliposema Punguza

Mara ya mwisho niliwaacha nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwa mama mkwe, namwomba anirudishie mke wangu. Wapo walionitumia salamu za pole. Nawashukuru, ila pole hizo mngeziweka, maana yaliyofuata yanazihitaji zaidi.

Kwa aliyechelewa kunifuatilia, mimi ni dereva wa lori na kazini wananiita Sawa. Jina hilo sikupewa na wazazi. Nilipewa na watu wanaonituma, kwa sababu kila ninachoambiwa hujibu "sawa." Bosi akitaka nifanye kazi siku ya mapumziko, sawa. Jirani akiomba ndugu yake alale kwetu siku mbili tatu, sawa. Ndugu yule alikaa mpaka akaanza kupokea wageni wake mwenyewe na kumuuliza mke wangu kwa nini chakula kimechelewa. Siku alipomuuliza hivyo, mke wangu alifunga sanduku akarudi kwa mama yake.

Basi mama mkwe alinitazama pale chini mpaka magoti yakaanza kufa ganzi.

"Inuka," akasema. "Nahama nyumba. Una lori?"

"La bosi, mama."

"Litafaa. Utanihamisha. Nikifika salama na vyombo vyangu vyote, mwanangu atarudi kwako. Visipofika, tusijuane."

"Sawa, mama."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia ile "sawa" alinipa kisogo akaingia jikoni. Mimi, kwa akili zangu, nikadhani amekwenda kuficha furaha.

Nikaenda kwa bosi kuomba lori. Bosi wangu ana huruma sana kwa mambo yasiyomgharimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akanipigapiga mgongoni.

"Chukua," akasema. "Familia kwanza. Ila gari langu halitoki tupu."

"Si litakuwa na vyombo vya mama mkwe, bosi?"

"Vyombo ni upepo tu, kijana. Viti na magodoro. Chini nitakuwekea saruji kidogo. Ukishamaliza ule mteremko wa machimbo, unamshushia mteja wangu palepale njiani."

"Bosi, ubavuni wameandika tani tatu."

"Hayo ni maoni ya aliyelitengeneza. Yeye amewahi kufika huku?"

"Na mawingu yametanda."

"Ndiyo vizuri. Saruji inalituliza gari kwenye utelezi. Uliza dereva yeyote."

Dereva aliyekuwepo ofisini ni mimi peke yangu, na hakuniuliza. Akaniinulia kidole.

"Turubai lifunike saruji. Kiti kikilowa kinakauka. Saruji ikilowa inakuwa jiwe."

"Sawa, bosi."

Kwa hiyo nilifika kwa mama mkwe springi za nyuma zikiwa zimeshalala, na hata kijiko hakijapakiwa. Mama mkwe alichungulia ndani ya bodi, akaliona turubai limetandazwa sakafu nzima.

"Hilo turubai la nini?"

"Ni la kulinda vyombo visichafuke kwa chini, mama."

Alifurahi. Alimwita hadi shemeji yake aje aone mkwe anavyojali. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa siku ile, na niseme wazi kwamba niliutoa bila hata kumeza mate.

Utingo wangu ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu mzazi. Ni mtu mzima, ameshajukuu, na amekaa juu ya mizigo miaka mingi kuliko aliyokaa kwenye viti. Ujana wake wote aliufanyia kazi kwenye malori ya safari ndefu, na mafunzo aliyoyapata huko ni ya aina yake. Zamani zile, lori likikaribia mizani ya barabarani na mzigo umezidi, dereva alitoa kichwa dirishani akapiga ukelele mmoja tu: "Punguza!" Hapo mjomba, kule juu, alianza kudondosha magunia vichakani. Lori linapita mizani jepesi, dereva anasifiwa kwa utii wa sheria, halafu wanarudi kinyumenyume kuokota. Mjomba aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Kwake neno lile lina maana moja tu.

Sikulifikiria hilo siku ile. Nani angelifikiria?

Tukaanza kupakia. Ikaingia sofa, kikaingia kitanda, ikaingia meza ya chakula na viti vyake. Likaingia kabati la vyombo, lenye milango ya vioo, ambalo sahani zake hata siku ya posa yangu hazikutolewa. Mama mkwe alitaka likae juu kabisa, lisikandamizwe na kitu.

"Kitu kizito na kirefu hakikai juu, mama," alisema mjomba.

"Wewe mzee, unaliona kabati langu kama gunia?"

Mjomba akanitazama. Nikasema sawa. Kabati likapanda juu.

Wakati huo habari zilikuwa zimeshafika mtaani kwamba kuna lori linakwenda ng'ambo ya mteremko. Mama mdogo wa mke wangu akaleta meza ya bintiye anayeishi kule. Jirani akaleta pipa. Jirani wa jirani, ambaye mama mkwe mwenyewe hamjui vizuri, akaleta pasi ya mkaa na benchi. Sijawahi kuona mtu akileta kitu kikubwa kwenye lori lililokwisha kujaa. Kila mmoja anakuja na "hiki nacho ni kidogo tu, baba, kisukume pembeni." Nami nikakisukuma pembeni, mpaka pembeni pakaisha.

"Mpwa," alisema mjomba, akiwa ameshika kiuno, "huu mzigo umekuwa mrefu kuliko lori."

"Tutakwenda polepole, mjomba."

"Na kamba hazitoshi."

Kweli hazikutosha. Ikabidi mjomba apande juu akashikilie kwa mikono. Kamba zilipoisha, mjomba akawa kamba.

Mama mkwe akapanda mbele, kando yangu, saa yake ya ukutani mapajani. Nafasi ya katikati ilibaki wazi. Nikamgeukia mke wangu kwa tabasamu lote nililokuwa nalo.

"Karibu mbele."

Alilitazama lori kuanzia tairi mpaka lile kabati lililokuwa linakaribia nyaya za umeme.

"Umeliona?" akaniuliza.

"Nimeliona."

"Na unakwenda nalo?"

"Mama amesema twende."

"Mimi nachukua teksi," akasema. "Nitakuwa nyuma yenu."

Mvua ilianza hata hatujatoka mtaani. Lilikuwa jua na vumbi kwa muda mrefu, halafu mbingu ikafunguka kwa mkupuo.

Najua mnachotaka kuniambia. Mvua ya kwanza baada ya vumbi refu ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu mafuta yote yaliyodondoka barabarani yanaelea juu, na lami inateleza kama sabuni. Najua. Gari zito kwenye maji halisimami pale unapotaka wewe, kwa hiyo unaanza kulisimamisha mapema. Najua. Kabla ya mteremko unaegesha, unakagua kamba, unajaribu breki, unaingiza gia ndogo ukiwa bado juu, na unateremka nayo hiyohiyo bila kukanyagakanyaga breki. Hayo nimeyafundisha madereva wachanga kwa mdomo wangu huu. Nilikuwa nayajua yote, na nilikuwa nimekaa kando ya mama mkwe.

Tukafika juu ya mteremko wa machimbo. Nikapunguza mwendo, nikaelekea pembeni.

"Unasimama kwa nini?"

"Nikague kamba, mama. Na breki."

"Vitu vyangu vinalowa huko juu, wewe unataka kukagua? Breki si hizo hapo miguuni kwako? Twende."

"Dakika moja tu, mama."

"Baba, unataka mke au hutaki?"

"Sawa, mama."

Nikashuka na gia namba tatu.

Niongeze jambo moja kuhusu matengenezo ya bosi. Lori lile lina vaipa mbili, na ya upande wangu ilikufa zamani. Ya upande wa abiria ni nzima. Kwa hiyo mwenye kuiona barabara vizuri alikuwa mama mkwe, na mwenye kuendesha nilikuwa mimi.

Kona ya kwanza tulipita. Nilisikia mzigo ukiegemea upande mmoja, ukafikiri, ukarudi. Kona ya pili niligusa breki kidogo. Lori lilisikia, likatafakari, likaendelea na safari yake. Nikakanyaga zaidi. Mguu ukazama hadi chini kama nimekanyaga godoro. Na nyuma, taratibu kabisa, lori likaanza kuchezesha mkia.

Upande wa kushoto palikuwa na ukuta wa mawe. Upande wa kulia palikuwa na shimo la machimbo, na kati yetu na shimo palikuwa na nguzo chache za mbao zilizopakwa chokaa kwa ajili ya kutuaga.

"Mkwe!" alisema mama mkwe. "Tunakwenda wapi?"

"Chini, mama."

"Naona hivyo! Punguza!"

"Napunguza, mama."

"Hupunguzi! Punguza!"

Akateremsha kioo akatoa kichwa nje, nadhani apate hewa, maana uso ulikuwa umebadilika rangi. Akapiga yowe ambalo kwa miaka yote niliyomjua sikujua kwamba analo kifuani.

"Punguzaaa!"

Kule juu tulisikia miguu ya mjomba ikikimbia.

Sekunde chache baadaye kikapita kiti. Kilipita kando ya dirisha la mama mkwe, kikagonga ukuta wa mawe, kikatawanyika.

"Hicho si kiti changu?"

"Kipi, mama?"

"Kile pale! Na kile!"

Kikapita cha pili. Likapita benchi la jirani wa jirani. Likapita pipa, nalo likateremka na sisi kwa muda, likatutangulia. Kwenye kioo cha pembeni niliona godoro likipaa, likajikunjua hewani, likaenda kutua kwenye kioo cha mbele cha gari dogo lililokuwa nyuma yetu. Gari hilo lilikuwa teksi.

Niliita jina la mke wangu kwa sauti, na mikono haikuweza kuachia usukani.

Mama mkwe akatoa kichwa tena.

"Wewe mzee! Acha! Achaaa!"

"Niachie?" ilijibu sauti ya mjomba kutoka mawinguni.

"Acha!"

"Naachia!"

Akafungua kamba.

Mlio wa lile kabati sitauelezea. Kila mwenye vyombo nyumbani kwake anaweza kuufikiria. Mama mkwe hakulia, wala hakupiga kelele. Alirudisha kichwa ndani, akaikumbatia saa yake, akanyamaza kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko shimo la machimbo.

Lakini ukweli lazima niuseme hata kama unaniuma: baada ya kabati kuondoka, lori lilitulia. Ule urefu uliokuwa unatuvuta kila kona haukuwepo tena. Mkia ukanyooka. Nikaacha kuing'ang'ania breki, nikaipumzisha, nikakanyaga klachi, nikaomba gia namba mbili. Ilikataa, nikaiomba tena kwa adabu, ikaingia. Injini ikanguruma kwa hasira, ikatushika. Nikaenda hivyo, usukani nimeunyoosha, siukati kwa ghafla, mpaka mteremko ukaisha na breki zikaanza kurudi kidogo kidogo. Chini kabisa kuna kituo cha kusubiria magari, chenye paa la bati na ukuta wa matofali. Nikasimama hapo. Mikono ilikataa kutoka kwenye usukani, ikabidi niibandue.

Mjomba alikuwa amesimama juu ya bodi, ameloa chapachapa, anahema, na uso wake unang'aa kwa fahari ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

"Mizani iko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Mjomba," nikasema, "mama alikuwa anasema nipunguze mwendo."

"Mwendo?" Mjomba alitutazama mmoja mmoja. "Nani anapunguza mwendo kwa kelele namna ile?"

Mama mkwe alikuwa ameshashuka. Alizunguka nyuma ya lori, maji yanamtiririka usoni. Sofa lilikuwepo. Kitanda kilikuwepo, kimekaa upande. Vingine vilikuwa vimetapakaa mteremko mzima. Na pale vyombo vilipoondoka, turubai lilikuwa limejitokeza, kavu, limefungwa kwa ustadi pande zote. Akalivuta kona moja.

"Hii ni nini?"

"Saruji, mama."

"Ya nani?"

"Ya bosi."

"Uliniambia turubai ni la vyombo vyangu."

"Nilikuambia, mama."

"Kwa hiyo," alisema, tena kwa sauti ya upole ambayo sijapona nayo mpaka leo, "kabati la ndoa yangu liko barabarani, na saruji ya bosi wako imefunikwa shuka."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Laiti angenitukana.

Teksi ikafika, inatambaa, vaipa zimepinda, godoro la mama mkwe limeburutwa chini ya bampa. Dereva wa teksi alishuka kabla ya abiria wake.

"Nani mwenye hili gari linalotapika?"

Nikainua mkono.

"Mimi nimepigwa na mengi barabarani," alisema, "lakini godoro la futi sita ni mara ya kwanza." Akamgeukia mke wangu. "Mama, mzigo wako huu hapa, mimi narudi nilikotoka. Siendi nyuma ya gari linalotapika magodoro."

Akaliweka sanduku la mke wangu chini ya paa, akageuza, akaondoka zake. Simlaumu.

Mke wangu alimkimbilia mama yake, akamgusa mabega, akamgusa uso. Halafu akanijia mimi. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama kama anayehakiki vidole, kisha akanipiga kofi la bega kwa nguvu zake zote, akaanza kulia.

"Nilikuwa nyuma yenu," alisema. "Tairi za nyuma zilikuwa zinatoka barabarani. Nikaona shimo, nikaona lori, nikajua leo nazika mama na mume kwa pamoja. Na huku nimefunikwa godoro!"

Nilitaka kumkumbatia. Simu ikalia. Ni bosi.

"Mvua huko imenyesha?"

"Imenyesha, bosi. Nusura tufe."

"Pole sana. Saruji imelowa?"

"Breki ziligoma kwenye mteremko, bosi."

"Pole. Imelowa?"

"Haijalowa."

"Kijana mzuri! Sasa sikiliza. Vyombo vya mama mkwe viteremshe hapohapo, peleka saruji kwa mteja, halafu uvirudie baadaye. Sawa?"

Sikio la pili lilikuwa na mama mkwe.

"Mwambie mtu wako kwamba vyombo vyangu vinarudi juu. Vyote. Mzee apande mteremko aokote kila kipande, hata kama ni ubao, na vya mama mdogo, na pipa. Vikapangwe kama vilivyokuwa. Umenisikia? Sawa?"

Wote wawili walikuwa wanangoja neno langu. Lilikuwa limeshanijaa mdomoni, maana ulimi wangu umelizoea, halihitaji hata ruhusa yangu. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameanza kugeuka, polepole, kunipa kisogo kama siku ile ya jikoni.

"Hapana," nikasema.

"Unasemaje?" walisema bosi na mama mkwe kwa pamoja.

Nikalirudia.

"Hapana. Bosi, saruji yako naiacha hapa chini ya paa, tuma gari lingine. Mama, tutaokota vilivyo vizima. Vizito vitakaa chini, virefu vitalazwa. Kamba zikiisha, mzigo umeisha. Juu hapandi mtu. Mbele tunakaa watu watatu, na mimi nikiwa mmojawapo. Kitakachozidi hakiendi, kiwe cha nani."

Bosi akanijulisha, bila kunipa pole safari hii, kwamba nikishafika nirudishe ufunguo na nisionekane tena getini. Akakata simu. Kitumbua changu kikaingia mchanga hivyo, kandokando ya barabara, katika mvua.

Mama mkwe hakukata chochote. Alikuwa ananitazama tu.

"Vyombo vyangu havikufika salama," alisema. "Tulikubaliana nini?"

"Naukumbuka mkataba wetu, mama."

"Basi mwanangu harudi."

Mke wangu akapangusa uso kwa kiganja.

"Nimelingoja hilo neno tangu tulipooana," aliniambia. "Nilidhani utalisema siku yule ndugu wa jirani alipovaa viatu vyako akaenda navyo kazini. Hukulisema. Nilidhani utalisema leo asubuhi lile pipa lilipoletwa. Umekuja kulisema huku, kwenye matope, kwa mama yangu."

Sikujua kama ananisifu au ananishtaki. Nadhani hata yeye alikuwa hajaamua. Lakini alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akashika upande mmoja wa mfuko wa saruji.

"Shika huko," akasema.

Tukashusha saruji yote, mjomba, yeye na mimi. Tukapanda mteremko tukaokota vilivyookoteka. Mama mkwe alikaa chini ya paa na saa yake, akatutazama. Vipande vya kabati tulivisogeza ukingoni ili wengine wasije wakapasua tairi. Tukapanga upya: sofa chini, kitanda kimelala, godoro chafu juu yake, turubai juu ya vyote. Mjomba akafunga kamba na kuzivuta kwa mguu mpaka zikalia. Lori likawa fupi, pana, lina sura ya gari tena. Nikajaribu breki mbele na nyuma pale kwenye tambarare, mara kadhaa, mpaka zikakauka na kushika.

"Tupande," nikasema.

Mama mkwe alipanda kwanza, akakaa upande wa dirisha. Mjomba alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, kikohozi hakimpi nafasi. Nikamsukuma akae katikati, karibu na joto la injini. Nikazunguka, nikakaa kwenye usukani.

Mke wangu akaja na sanduku lake, akalipachika nyuma chini ya turubai, akafungua mlango wa upande wa mama yake.

"Sogeeni."

Mama mkwe hakusogea.

"Tusogee wapi? Mbele ni watu watatu, dereva akiwa mmojawapo. Si ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema," alijibu mke wangu.

"Yeye, mzee huyu, na mimi. Hesabu imetimia."

"Mimi nitapanda juu," alisema mjomba, akaanza kuinuka huku anakohoa.

"Juu hapandi mtu," nikasema. Lilitoka kabla sijalifikiria.

Mama mkwe akageuza shingo. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona meno yake.

"Haya, Bwana Hapana," alisema. "Umesema kitakachozidi hakiendi, kiwe cha nani. Tuambie. Hapa nani amezidi?"

Injini ilikuwa inanguruma. Barabara nzima hapakuwa na gari jingine, na wingu jipya lilikuwa linateremka kutoka kule tulikotoka. Mjomba aliinamisha kichwa. Mama mkwe aliweka mikono juu ya saa yake akasubiri. Mke wangu hakuuachia mlango, wala hakunisaidia kwa neno. Wote watatu walikuwa wananitazama, na mvua ilikuwa inamnyeshea mmoja tu.